Shingo ya Sungura

Mwezi uliopita tulimzika Papa Zaina, baba wa rafiki yangu Zaina, na mimi nilifika msibani nikiwa nimeshaapa kwamba sitacheka. Nilikuwa nimejifunga kitambaa cheusi, nimebeba mfuko wa sukari, nimeukaza uso wangu tangu barabarani. Kiapo kilikuwa na sababu yake: ninajijua, na nilijua kwamba nikikaa karibu na Zaina mambo yataharibika. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka minne. Nilimkuta mkekani chumbani kwa mama yake, amezungukwa na wanawake wa msikitini na wake za madereva, macho yamevimba. Akanipisha nikakaa, tukashikana mikono, tukalia kidogo inavyopasa. Kisha likaingia sinia la wali, na juu ya wali pana nyama, na Zaina akaniinamia sikioni akauliza kwa sauti ya mtu anayesoma dua, "Bea, hii ni psoas ao nini?" Nilijifunika kitambaa usoni haraka. Mama mmoja nyuma yangu akanipapasa mgongo kunifariji, akawaambia wenzake, "Huyu mama mukristo alimupenda mzee sana." Na hilo lilikuwa kweli tupu. Nilimpenda sana.

Psoas ni ule mnofu laini unaolala kwa ndani, pande mbili za uti wa mgongo. Wapishi wote wanaujua bila kujua jina lake. Mimi jina hilo nililipata katika mwaka wangu wa pili chuoni, hapa hapa Likasi, na nikiyaweka pamoja yote ya ujana wangu, mwaka huo ndio ulionitengeneza. Tulikuwa wanafunzi ishirini tukisomea ualimu wa biolojia, na anatomia tulijifunza kwa sungura, kwa sababu sungura ni mdogo, anapatikana, na misuli yake imepangwa karibu kama yetu. Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya juu na meza za saruji, na vumbi jeupe la chokaa kutoka machimbo ya Kakontwe liliingia humo hata madirisha yakifungwa, kwa hiyo kila asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kupangusa. Mwalimu wetu alikuwa mtu mfupi, nadhifu, asiyepoteza maneno. Mfukoni mwa shati lake hakukosa kikoleo kile kidogo cha chuma cha kushikia vitu vyembamba, ambacho sisi tulikiita pensi, na kwa kuwa alikitumia kuonyesha kila kitu, pamoja na mwanafunzi anayetakiwa kutoka nje, naye tulimwita Pensi. Sijui kama alijua. Nadhani alijua.

Mwaka mzima tulisomea kwa sungura mmoja aliyekuwa akiishi, kama naweza kusema hivyo, ndani ya ndoo ya dawa. Wanafunzi waliotutangulia walikuwa wamemsoma yeye yule. Alikuwa amekauka na kuwa na rangi ya samaki mkavu, mgumu kabisa, mguu ukiuacha umeinuka utaukuta umeinuka. Tulimtoa, tukamlaza, na kila mmoja akafunga uzi wenye kijikaratasi cha namba kwenye msuli aliopewa, kisha tukaandika daftarini: jina, unaanzia mfupa gani, unaishia mfupa gani, unafanya kazi gani. Majina yote yalikuwa ya Kifaransa, marefu, na mimi niliyapenda kupita kiasi. Niliyasema nikiwa njiani, niliyasema nikichota maji, niliyasema kanisani wakati wa mahubiri. Nilikuwa wa kwanza darasani na nilihakikisha kwamba kila mtu ana habari. Nikikumbuka yule msichana niliyekuwa, na ile shingo yake aliyoiinua, natamani mtu angenimwagia maji baridi mapema zaidi.

Zaina alikuwa wa mwisho. Alikuwa anarudia mwaka kwa sababu ya anatomia tu, na kwa ajili hiyo alinizidi umri kidogo, nami nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, siku nilizotaka kuazima kitu chake tu. Kanuni ya chuo ilikuwa wazi: mwaka unarudiwa mara moja. Ukianguka tena unafunga vitabu unatafuta maisha mengine. Basi Pensi naye alikuwa na utaratibu wake wa mtihani wa vitendo. Wanafunzi walifanya wawili wawili juu ya sungura mmoja, alama moja kwa wote wawili, na wawili hao aliwapanga yeye: wa kwanza na wa mwisho, wa pili na anayemtangulia wa mwisho, hivyo hivyo hadi katikati. Aliposoma majina yetu, Bea na Zaina, nilinuna siku tatu. Siku ya nne Zaina akanifuata penye bomba la uani. "Usinune, Bea," akasema. "Minye kichwa ni nzito, lakini naweza kubeba ndoo." Nikacheka, na mtu ukishacheka huwezi kununa tena.

Kwao palikuwa na nyumba ya zamani yenye baraza, na kwa kuwa watu walikuwa wengi kuliko vyumba, sebule ilikuwa imegawanywa kwa ubao mwembamba. Upande mmoja kulikuwa na viti vya Papa Zaina, redio yake, kalenda yenye picha ya msikiti, na sahani ya tende kwa ajili ya wageni. Upande wa pili kulikuwa na kitanda cha Zaina, meza ndogo, na nguo zimetundikwa kwa misumari. Hapo ndipo tulipokuwa tukisomea Jumamosi. Kwa shangazi yangu, nilikokaa, tulikula bukari, ugali wetu, na dagaa wa kapenta siku sita na siku ya saba tukala kapenta na bukari. Kwa hiyo siwezi kudanganya kwamba nilikwenda kwa Zaina kwa ajili ya masomo peke yake. Mama Zaina alipika wali wenye kunukia, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, na Jumamosi nyama. Tulikula pamoja kwenye sinia, jambo ambalo mwanzoni lilinitia aibu na baadaye lilinifanya nishindwe kula peke yangu.

Papa Zaina alikuwa mfanyabiashara, mtu wa Kasongo aliyekuja Katanga kijana akabaki, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule, kimenyooka kuliko chetu. Alipenda kuniuliza maswali tukiwa kwenye chakula. "Mwalimu Bea, na hii?" Mimi niliinua kipande cha mbuzi, nikakitazama kwa dharau ya kitaalamu, nikasema, "Hii ni grand dorsal, Papa, inatoka ku mugongo inaenda ku mukono." Alitikisa kichwa kwa fahari, akawatazama watu wote mmoja mmoja. Zaina alipoulizwa alikuwa akisema, "Sijue jina, Papa, lakini ni ile yenye kuvuta mukono nyuma," na baba yake aliendelea kula. Nilimwonea huruma, ile huruma tamu ya mtu anayejua kwamba yeye amejibu vizuri.

Jumamosi moja, miezi minne kabla ya mtihani, Zaina alikuwa uani akimsaidia mama yake kuchagua mchele na mimi nimekaa kitandani kwake na daftari. Nyuma ya ubao nilisikia viti vikisogezwa. Rafiki wa Papa Zaina, dereva wa lori aliyekuwa akipitisha mizigo kila wiki, alikuwa amekuja, na baada ya salamu wakaanza kuongea habari za duka ambalo Papa Zaina alikuwa nalo Kapolowe, nje ya mji.

"Iko inafungwa siku mbili mu juma," dereva alisema. "Hakuna muntu wa kuikala mule. Bantu banaenda kwa mwingine."

"Nangojea Zaina," akasema Papa Zaina. "Akianguka tena, ndiye atakaa mule. Mutoto hawezi kuzeeka ku masomo bila kitu mukononi."

"Na akipita?"

"Akipita ni wa masomo. Nilisema, sitageuka. Lakini wewe unamuona atapita?"

Nilisikia kikombe kikiwekwa juu ya meza. Mimi nilikaa pale na daftari langu, nikijua kitu ambacho baba yake hakukijua: Zaina hakutaka kitu kingine chochote duniani ila kusimama mbele ya darasa. Nilikuwa nimemwona akiwafundisha watoto wa jirani kwa mkaa juu ya sakafu ya baraza, akiongea nao polepole, akisubiri hadi wa mwisho aelewe. Dukani Kapolowe angekufa kwa ukimya. Alipoingia na sinia la mchele akaniuliza kwa nini nimekunja uso. Nikamwambia tumbo. Niliamua palepale kwamba sitamwambia, asije akavunjika moyo, na kwamba nitampitisha mimi. Nilijisikia mtu mkubwa sana.

Basi nikaanza kumtesa. Nilimwandikia orodha, nikazibandika ukutani juu ya kitanda, nikamsomesha akila na akifua. Haikusaidia kitu. Majina yalimtoka Zaina kama maji kwenye kikapu. Nikimwuliza masséter, alikuwa akitafuna hewa, mikono miwili mashavuni, halafu anasema, "Hii, iko inakaza." Nikimwuliza trapèze alikuwa akiinua mabega. Mara moja alikaa kiganja shingoni, akigeuza kichwa kulia na kushoto kama mtu anayetafuta redio inatokea wapi, hadi nikampiga na daftari. Nilimlalamikia Mama Zaina: "Mama, minye namuuliza jina, yeye ananijibu na bega." Mama Zaina akasema, "Ni vile tangu mutoto. Hata kusema alichelewa, lakini kitu akishika imeshikwa." Sikusikia. Mtu aliyejaa majina hana nafasi ya kusikia.

Mwezi wa mtihani Pensi alitupa maagizo. Katika mtihani sungura watakuwa wabichi, kila wawili na sungura wao. Waletwe hai, mtumishi wa maabara atawalaza moja kwa moja kwa dawa ya etha uani, kisha tuna muda wa kuwachuna na kufunga namba, halafu yeye atapita meza kwa meza. Mwaka uliotangulia watu walikuwa wamewaua nyumbani kwa kuwapiga fimbo kisogoni, kama tunavyofanya sote, na shingo zikaharibika. "Kwa hiyo," alisema, kwa Kifaransa chake kilichopigwa pasi, "atakayekuja na sungura aliyekufa asihangaike kuingia."

Sungura wetu tulimnunua kwa mama mmoja wa njia ya Kapolowe, dume la kijivu, zito, lenye hasira. Alikaa kwa Zaina wiki mbili na Papa Zaina ndiye aliyemlisha. Alitukataza kumpa jina, alisema tukimpa jina hakuna atakayemla. Tukamweleza kwamba hataliwa. Zaina akamsimulia: hatutampiga, mwalimu amekataza kupiga, atalazwa kwa dawa, tutamsoma, kisha atafukiwa. Papa Zaina alikuwa ameshika jani la kabichi. "Asipigwe, huyo mwalimu amesema vizuri," akasema. "Na nyama yake inaenda mu shimo?" Ndiyo, Papa. Akaendelea kumlisha, na sisi tukadhani habari imekwisha.

Asubuhi ya mtihani ilikuwa ya baridi, Juni, ule wakati Likasi watu wanatoa moshi mdomoni. Nilipofika kwao Papa Zaina alikuwa uani kwenye kiti kifupi, kofia nyeupe kichwani, amenawa mikono. Mbele yake kulikuwa na beseni limefunikwa kitambaa safi. Zaina alikuwa amesimama mlangoni akisuka nywele, hajaelewa bado.

"Batoto yangu, nimewasaidia kazi," akasema. Akafunua kitambaa. Sungura alikuwa amelala ubavu, ameoshwa, manyoya yamepanguswa, na shingo imekatwa kwa mkato mmoja ulio safi kabisa. "Nimemuelekeza kibla, nimetaja jina la Mungu, kisu mara moja. Hakusumbuka. Sasa hakuna kupiga, hakuna dawa. Mukimaliza kumusoma mumurudishe hapa, Mama Zaina atamupika, tutakula wote. Hivi hatakuwa amekufa bure."

Niliutazama ule mkato. Kisu kilikuwa kimepita mahali pale pale ambapo Pensi, kila mtu alijua, alipapenda kuliko mahali pengine pote. Nilifungua mdomo. Zaina akaniwahi; alishuka ngazi, akapiga goti mbele ya baba yake, akasema, "Aksanti, Papa." Akachukua beseni akajitwika.

Njiani nilimgombeza hadi sauti ikanikauka. "Aksanti? Unamuambia aksanti?"

"Sasa ningemuambia nini? Aliamuka mapema na baridi hii juu yetu."

"Yaya, Pensi alisema tusiingie."

"Nilisikia."

Sungura mwingine hatukuwa na pa kumpata, na jua lilikuwa limeshapanda. Uani mwa maabara mtumishi alikuwa na pipa lake la dawa na watu wamemzonga, kila mtu na kikapu chake, sungura wanaruka, wanawake wanapiga kelele. Nilimpokea Zaina beseni, nikalifunika vizuri, nikapita katikati yao kwa mwendo wa mtu aliyekwisha kuhudumiwa. Hakuna aliyeniuliza. Nakiri kwamba nilijivunia.

Tulichagua meza ya mwisho. Zaina alimchuna, na kwa kweli vidole vyake vilikuwa vizuri kuliko vyangu, aliitenga ngozi na nyama bila kuchana kitu. Tulipofika shingoni tukaona ukubwa wa kazi. Upande huu na huu wa shingo kuna msuli mrefu unaotoka kwenye mfupa wa kifua na kupanda hadi nyuma ya sikio, unaitwa sterno-mastoïdien. Yote miwili ilikuwa imekatwa katikati na vipande vimejikunja, kimoja juu, kimoja chini. Kila meza ilikuwa na sindano na nyuzi za kufungia namba. Nikachukua uzi mweupe. Masista walikuwa wamenifundisha kushona shuka za altare, nami siku ile nilishona kwa mshono mdogo ambao hata wao wangeusifu, nikaunganisha vipande, nikavuta utando juu ukafunika. Zaina alikuwa amesimama ananikinga kwa mgongo wake.

"Haitashika," akasema.

"Akiangalia tu, itashika."

"Na akivuta?"

"Mwaka muzima ulimuona anavuta?"

Ilikuwa kweli, hajawahi kuvuta. Yule wa ndoo angevutwaje? Nilikuwa nimepiga hesabu yangu vizuri, nimesahau kitu kimoja tu, kwamba mwalimu aliyefundisha miaka mingi kwa sungura mgumu akipata mbichi, mwenye shingo nzima, atafurahi.

Pensi alitufikia akiwa amechangamka. Nilijua kwa sababu alikuwa amekunja mikono ya shati. Aliweka vibendera vyake vya namba, akauliza, nikajibu. Bega, paja, shavu, nikajibu bila kupumua. Kibendera cha saba akakichomeka shingoni. Nikasoma kama ilivyoandikwa daftarini: jina, mwanzo, mwisho, kazi, kugeuza na kuinamisha kichwa. Akakubali kwa kope. Kisha akanipa kikoleo chake, kitu ambacho sijawahi kuona akimpa mtu. "Leo yuko laini," akasema. "Nionyeshe."

Nilikishika. Kilikuwa na joto la mfuko wake. Nilijua nikivuta mshono utaachia mbele ya macho yake, nisipovuta ataelewa. Mkono wangu ulisimama juu ya ile shingo na haukutaka kwenda mbele wala kurudi. Hapo Zaina akachukua mkasi mdogo mezani, akauingiza chini ya utando, akakata uzi wangu. Kulia, kisha kushoto. Vipande vikaachana.

"Imekatwa, Monsieur," akasema. "Tulikuya naye amekufa. Papa yangu alimuchinja, hakujua. Lakini angaliako hapa."

Akanitoa kikoleo mkononi polepole, akashika kipande cha juu cha upande wa kulia, akavuta kuelekea kifuani. Kichwa cha sungura kikageuka. Kiligeukia kushoto, taratibu, kikatutazama. Akaachia, akashika kipande cha kushoto, kikageuka kulia. Kisha akashika vyote viwili kwa mara moja, na kidevu kikashuka. "Moja inapeleka uso upande mwingine," akasema. "Zote mbili pamoja, kichwa inakubali." Na yeye mwenyewe, bila kujua, alikuwa akifanya vilevile, uso wake ukigeuka pamoja na wa sungura. Meza za jirani zilikuwa zimenyamaza. Mbali kule Kakontwe wakalipua mwamba, vioo vikatetemeka, na hakuna aliyegeuka.

Pensi alitazama muda ambao niliuona mrefu kuliko mwaka. "Nilisema asiingie mtu na sungura aliyekufa," akasema hatimaye. Akautazama mlango, akatutazama sisi. "Mumeshaingia." Akamwonyesha Zaina bega. "Endelea."

Zaina akaendelea. Alivuta, akaachia, akaeleza, bega, mgongo, paja lile linalorusha sungura, na alipokwama jina alinitazama nami nikampa, mara tatu, na Pensi hakutukataza. Mwishowe aliuokota uzi wangu mweupe kwa kucha, akaukagua. "Nani ameshona?" Nikainua mkono. "Mshono mzuri," akasema. "Unawapunguzia alama tatu." Tukabaki na kumi na tatu juu ya ishirini, na kumi zilitosha kupita. Alichukua kikoleo chake kutoka mkononi mwa Zaina, akakirudisha mfukoni, na alipofika meza iliyofuata tulimsikia akiwaambia waweke madaftari chini, wavute.

Mchana tulikuwa tumezunguka sinia. Mama Zaina alikuwa amempika kwa vitunguu na mawese, na dereva wa lori alikuwa amepita kusalimia akafungwa na harufu. Papa Zaina alikula polepole kuliko siku zote. "Kisu changu hakikuwaharibia kitu?" akauliza.

Mimi nilitazama wali. Zaina akasema, "Hapana, Papa. Bila kisu yako singeonyesha kitu." Na hakusema uongo. Tukampa habari ya alama. Papa Zaina aliacha tonge mkononi, akalitazama, akalirudisha siniani. Kisha akamgeukia dereva. "Ule muntu wa duka ya Kapolowe," akasema, "tafuta mwingine. Huyu ni wa masomo." Akafuta macho kwa mkono wa kanzu, akasema pilipili ni nyingi. Pilipili haikuwamo.

Nilimgeukia Zaina haraka, maana hapo ndipo alipotakiwa kushangaa, kuuliza duka gani, muntu gani. Hakushangaa. Aliinama, akachagua mfupa, akaufyonza. Nilingoja hadi tukawa wawili uani, tumeinamia beseni la vyombo, ndipo nikamwuliza kama alielewa baba yake anasema nini.

"Bea," akasema, "kitanda yangu iko ku ule ubao. Ile habari ya Kapolowe nilisikia mbele ya weye kusikia. Ile siku ulisema tumbo, nilijua nini inakuuma."

"Ulijua? Na ukakata uzi?"

Alikuwa akisugua sufuria kwa mchanga na hakuacha. "Ile pensi ilikuwa mu mukono yako weye," akasema. "Ungevuta, Pensi angekukuta weye na uongo, angekufukuza weye. Minye nilishakuwa nusu Kapolowe. Weye ulikuwa wa kwanza."

Mwaka mzima nilikuwa nimejihesabia kwamba ninamvuta mtu nyuma yangu. Machozi yakanishuka, mengi, ya aibu na ya furaha kwa pamoja, yakidondoka moja kwa moja ndani ya beseni. Zaina alinisukuma kwa kiwiko.

"Lia pembeni, Bea," akasema. "Unatia chumvi mu mayi ya kuosha sahani."